Nyuma ya Kurasa: Namna ya Kuliendesha Gazeti la Wanafunzi Kisiwani Lamu

Anayekabidhiwa usimamizi wa gazeti la chuo kisiwani Lamu na aanze kuhesabu kutoka mwisho. Ikiwa gazeti linachapwa Mombasa, mabunda yatapakiwa kwenye basi hadi Mokowe, gatini upande wa bara, kisha yavushwe kwa boti mpaka Amu, yaani Lamu yenyewe. Kwa hiyo siku ya kusambaza ndiyo inayoamua siku ya kufunga kurasa, nayo siku ya kufunga kurasa ndiyo inayoamua mwandishi akabidhi lini makala yake. Usiweke siku ya mwisho Ijumaa mchana, wakati wengi wa wahariri wako wamo msikitini, wala usiipange katika siku za Maulidi ukitarajia kumpata mtu mezani. Mwagize mchapaji ayafunge mabunda kwa plastiki, maana rasharasha za maji ya bahari haziulizi ndani mna nini.

Kabla ya kugawa kazi, chora dami, yaani mchoro wa kila ukurasa utakavyopangwa, ya toleo zima. Karatasi ya A3 ikikunjwa hutoa kurasa nne za A4, na kwa sababu hiyo gazeti lililokunjwa hivyo huwa na kurasa 4, 8 au 12. Habari moja ya ziada haiwezi kuongezewa ukurasa wake peke yake. Tenga kwanza nafasi za matangazo yaliyolipiwa, kisha umwambie kila mwandishi idadi ya maneno aliyopewa, naye ajue kwamba yanayozidi yatakatwa.

Uzito wa kazi, kwa maoni yangu, uko kwenye meza ya uhariri, ingawa vijana wengi hukimbilia kupiga picha na kuhoji wakubwa. Kila habari isomwe na watu wawili mbali na mwandishi wake, mmoja akipima ukweli na mwingine lugha, kwani jicho linalotafuta kosa la upatanisho wa kisarufi huipita tarakimu iliyokosewa bila kuiona. Majina yanataka uangalifu wa pekee: katika mji ambao Ali Mohamed mmoja anaweza kuwa wa mtaa wa Mkomani na mwingine wa Langoni, andika majina matatu pamoja na mtaa, hasa katika habari ya kesi au ya msiba. Saa nazo ni mtego. Taarifa rasmi zinazoletwa kwa Kiingereza huhesabu saa Kizungu, na mkutano wa saa kumi jioni hugeuka upesi kuwa wa saa nne, wasomaji wakafika ukumbi umeshafungwa.

Tunza pia jalada la mambo yanayorudi kila mara, ili mwandishi asiyategemee masikio yake: Mji Mkongwe wa Lamu uliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2001, leseni ya mtambo wa umeme wa makaa ya mawe ilifutwa na mahakama ya mazingira mwezi Juni 2019, gati la kwanza la bandari mpya lilifunguliwa mwezi Mei 2021.

Habari yenye tuhuma, tuseme ya fedha za chama cha wanafunzi, isifike kwenye dami kabla mtuhumiwa hajasomewa kila dai na kupewa muda wa kujibu. Ibara ya 34 ya Katiba ya 2010 inalinda uhuru wa vyombo vya habari, lakini Ibara ya 33 inamtaka kila anayeutumia uhuru wa kujieleza aheshimu haki na sifa za wengine, na kuwa mwanafunzi hakumwondolei mtu kesi ya kuchafua jina.

Katika usanifu, zima ukataji wa maneno unaofanywa na programu yenyewe, kwa kuwa mara nyingi hufuata kanuni za Kiingereza na kukuachia “wanaf-unzi” mwishoni mwa mstari. Picha za kuchapwa zinahitaji nukta 300 kwa inchi. Zile zinazotumwa kwa WhatsApp kwa njia ya kawaida hubanwa, hivyo omba zitumwe kama faili. Picha ya harusini upande wa wanawake isichapwe bila idhini ya kila anayeonekana, hata kama mpigaji ni mwenyeji wa nyumba hiyo.

Kurasa zikikamilika, zitoe kwenye karatasi na usome kwa sauti vichwa vya habari, maelezo ya picha na tarehe ya toleo, sehemu ambazo kila mtu hudhani mwenzake amezisoma. Hifadhi nakala mbili za kila toleo, moja ikiwa maktabani. Kosa likigunduliwa baada ya kusambaza, lisahihishwe katika toleo linalofuata, kwenye ukurasa uleule, kwa kueleza lililo sahihi bila kulikariri lile la uongo.