Kulainisha Kitasa kwa Unga wa Kinywe

Nyumba iliyo karibu na bahari, kama zilivyo nyingi za Mkomani mjini Lamu, humsumbua mwenyewe kwa vitasa. Chumvi na mchanga huingia katika tundu la ufunguo, na ukitia mafuta ya cherehani, ufunguo hulainika siku chache tu, kisha mafuta yale yale hushika mchanga na kitasa kikakwama kuliko mwanzo. Dawa ninayoiamini ni unga mkavu wa kinywe, yaani grafaiti, ambao unapatikana katika kalamu ya risasi. Licha ya jina lake, kalamu hiyo haina risasi hata chembe, bali kinywe kilichochanganywa na udongo wa mfinyanzi.

Chagua penseli laini, yenye alama ya 4B hadi 6B ubavuni, kwani ya HB ina udongo mwingi zaidi. Kitasa kilichokwisha kutiwa mafuta kisafishwe kwa spiriti na kuachwa kikauke kabisa, la sivyo unga utageuka tope jeusi. Sugua ncha ya penseli kwenye msasa mwembamba juu ya karatasi, kunja karatasi iwe kama mfereji, kisha upulize unga kidogo tu tunduni. Yapake meno ya ufunguo kwa penseli pande zote mpaka yang'ae kijivu, uingize, uuzungushe mara kumi hivi, uuchomoe, ufute weusi na urudie. Kwa kawaida kufikia mara ya tatu mkwaruzo hausikiki tena mkononi. Usizidishe, maana unga mwingi huziba.

Ulaini huo unatokana na kaboni iliyopangwa tabaka juu ya tabaka: ndani ya tabaka moja atomi zimeshikana imara mno, lakini tabaka na tabaka zimeshikana kwa ulegevu, hivyo huteleza. Unyevu wa hewa ya pwani hauharibu utelezi huo, huusaidia.

Madini haya yamo hata kwa jirani zetu, Mahenge nchini Tanzania. Mwamba huvunjwa, husagwa, kisha hutiwa katika matangi ya maji yanayopulizwa hewa. Kinywe, kwa kuwa hakishikani na maji, hung'ang'ania mapovu na kuelea, huku mchanga ukizama. Viwandani hutengenezewa vyungu vya kuyeyushia metali, kaboni za mota za drili, na upande hasi wa betri za simu.

Kwa kuwa kinywe hupitisha umeme, usikitumie karibu na swichi wala soketi. Wala usikipake vyuma vya mashua, hasa alumini: maji ya chumvi yakikutana na kinywe na metali, huwa kama betri ndogo, na metali ndiyo inayoliwa. Huko tumia grisi ya baharini isiyo na kinywe.