Umehamia haibridi iliyotumika? Anza na matundu ya kupoza betri

Wewe uliyezoea dizeli, kabla ya kuhangaika na oili ya haibridi uliyonunua (gari lenye injini pamoja na mota ya umeme), tafuta kijidirisha chenye matundu pembeni au chini ya kiti cha nyuma. Humo feni huvuta hewa ya ndani ya gari ili kupoza betri kubwa. Zima gari, fyonza vumbi kwa mashine, na kama kuna kichujio kichomoe ukisafishe. Usitie maji, wala usiguse nyaya za rangi ya chungwa. Umeme wake unaua. Nywele za mbwa na nyuzi za zulia zikijazana pale, feni huvuma kwa nguvu na betri hupata moto, na joto ndilo linaloizeesha upesi. Ukishasafisha, usizibe matundu kwa mizigo au blanketi.

Kusafisha hakutasaidia kama seli, yaani vipande vinavyounda betri, zimeshachoka: utaona kipimo cha chaji kikipanda na kushuka ghafla. Hapo mtafute fundi mwenye kifaa cha kupima betri sehemu kwa sehemu. Na baadhi ya haibridi hupozwa kwa kimiminika, kwa hiyo soma kwanza kitabu cha gari.