Lenzi na fokasi: wanyama alfajiri, nyota usiku

Lango la Mbuga ya Kitaifa ya Nairobi hufunguliwa saa kumi na mbili asubuhi, jua likiwa bado halijachomoza. Hapo ndipo simba wangali wanatembea, na hapo ndipo lenzi nyingi hushindwa. Lenzi ya milimita 150-600 yenye f/6.3 (f ni kipimo cha tundu la mwanga; namba ndogo ni tundu pana) huingiza takriban moja ya tano tu ya mwanga unaopita kwenye 70-200 ya f/2.8. Hata hivyo, kama unanunua moja, nunua ndefu. Huwezi kushuka garini kumsogelea mnyama, na kwa 200 atabaki kidoa nyasini. Pandisha ISO (wepesi wa kamera kuhisi mwanga) hadi 6400 bila woga: chembechembe zinazotokea pichani hupunguzwa kwenye kompyuta, lakini picha iliyotikisika haina dawa. Anza na shata (muda wa kuingiza mwanga) ya sekunde 1/500 kwa mnyama aliyetulia, 1/1600 kwa anayekimbia na 1/2500 kwa ndege arukaye. Zima injini, kisha laza lenzi dirishani juu ya kifuko cha maharagwe.

Weka fokasi kwenye AF-C, inayomfuata mnyama akisogea (kwa Canon ni Servo), na uchague nukta moja ndogo, uilenge kwenye jicho. Eneo pana hunasa majani yaliyo mbele ya mnyama. Kamera zinazotambua macho husaidia sana, ila nyasi zikiwa ndefu rudi kwenye nukta. Kama lenzi ina swichi ya kuzuia fokasi ya karibu, itumie, isipoteze muda kutafuta kuanzia mita mbili. Kazi ya kufokasi ihamishie kitufe cha nyuma cha AF-ON: tawi likipita mbele, unainua kidole gumba na kuendelea kupiga.

Kuanzia saa nne hivi ardhi hupata joto na picha za mbali hulegea hata fokasi ikiwa sawa. Wengi hulaumu lenzi na kuipeleka kwa fundi, kumbe ni hewa ya moto inayotetemeka katikati. Piga walio karibu tu.

Usiku, taa za jiji humeza nyota. Teremka Magadi, zaidi ya kilomita 100, ukiwa na lenzi pana: 14 ya f/2.8 au 24 ya f/1.4. Huko chini bondeni kuna joto kuliko Nairobi, na joto husogeza fokasi, kwa hiyo usiirekebishe ukiwa bado nyumbani. Acha lenzi nje nusu saa kwanza.

Zima fokasi ya kamera (weka MF, yaani fokasi ya mkono) na kizuia mtikisiko, fungua tundu lote, kisha kwenye skrini kuza nyota angavu mara kumi. Zungusha pete polepole hadi nyota iwe nukta ndogo kabisa, ipite kidogo, urudi. Usiamini alama ya ∞ (umbali usio na mwisho): lenzi nyingi huzunguka hadi kupita hapo. Funga pete kwa selotepu, na ukague tena usiku ukipoa.

Kanuni ya kugawanya 500 kwa urefu wa lenzi, ili kupata sekunde za kuacha shata wazi, haitufai huku. Tuko karibu na ikweta, na nyota za utosini ndizo zenye mwendo wa kasi zaidi angani. Kwa sekunde 20 zinakuwa vistari. Gawanya 300: lenzi ya 24 hupata sekunde 12, kwa ISO 3200 na f/2. Kihisi kikiwa kidogo (APS-C), zidisha urefu kwa 1.5 kabla ya kugawanya. Ukielekea Msalaba wa Kusini, ambao nyota zake huenda takriban nusu ya kasi hiyo, sekunde 20 zinavumilika.