Mwembe wa zamani, nyumba mpya: kuutunza mti mkongwe kabla ya masika

Huku kwetu Mbezi Beach, Dar es Salaam, miti mingi mikubwa imezitangulia nyumba. Kabla viwanja havijapimwa palikuwa na mashamba ya minazi, mikorosho na miembe, na wengi tulipojenga tulibakiza mti mmoja au miwili kwa ajili ya kivuli. Kisha tukaanza kuutesa: msingi wa ukuta huku, shimo la maji taka kule, peving mpaka shinani. Nilikuwa bibi shamba hadi nilipostaafu, kwa hiyo kila Machi mawingu yakitanda upande wa bahari, majirani hunigongea geti niwaambie kama mti wao utaanguka. Wao huangalia juu, mimi huinama. Mti mkubwa unaong'oka na mizizi yake mara nyingi ulishaipoteza mizizi hiyo zamani, siku ile fundi alipochimba msingi. Upepo umekuja kumalizia tu.

Wapo wanaosema vimbunga ni vya Msumbiji na Madagaska. Aprili 1872 kimbunga kiliangusha mikarafuu na minazi ya Unguja, Aprili 1952 kingine kikaipiga Lindi, na Mei 2024 kimbunga Hidaya kikafika Mafia huku Mamlaka ya Hali ya Hewa (TMA) ikitoa tahadhari hadi Dar es Salaam. Na hata pasipo kimbunga, udongo ulioloa wiki tatu mfululizo na upepo wa kusi wa usiku mmoja vinatosha kabisa kuulaza mwembe juu ya paa.

Anza na shina. Chukua jembe dogo uondoe udongo, kifusi na majani yaliyorundikana pale mti unapoingia ardhini. Mti mzima hutanuka chini, na mizizi minene huonekana ikianza kusambaa. Shina likiingia ardhini wima bila kutanuka, kuna mtu alijaza kifusi wakati wa kusawazisha kiwanja, na gome lililofukiwa huoza polepole. Fukua taratibu, kwa mkono ukikaribia mizizi, mpaka ule mtanuko uonekane. Ukiona uyoga mgumu unaofanana na rafu ndogo umeota kwenye shina la chini au juu ya mizizi, usiung'oe ukadhani umetibu. Ule ni matunda ya ukungu ambao umeshakula mti kwa ndani.

Sasa pima. Zungusha futi kamba kwenye shina kwa urefu wa kifua, gawanya kwa 3.14 upate kipenyo. Mwembe wenye mzingo wa mita 2.5 una kipenyo cha karibu sentimita 80. Wataalamu wa miti huzidisha kipenyo mara 12 kupata eneo la mizizi lisilofaa kuchimbwa, yaani hapa karibu mita 10 kila upande. Najua, kwenye kiwanja cha mita 20 kwa 30 hilo ni karibu nusu ya kiwanja. Huwezi kubomoa nyumba, ila unaweza kuacha kuchimba zaidi. Mizizi mingi inayolisha mti iko kwenye nusu mita ya juu ya udongo, na kule Boko na Kunduchi, ambako mwamba wa matumbawe uko karibu, hata ile mikubwa hulala bapa. Mtaro wa bomba wa kina cha goti tu unaweza kukata sehemu kubwa ya mizizi hiyo.

La kuangalia zaidi ni mtaro ulikatwa upande gani. Kusi hutoka kusini-mashariki, na mizizi ya upande huo ndiyo inayovutwa upepo ukisukuma mti, kama kamba za hema. Ikiwa shimo lako la maji taka liko kusini-mashariki mwa mwembe na nyumba iko kaskazini-magharibi yake, mti huo ndio wa kuhangaikia kwanza, hata kama majani yake yanang'aa.

Kuinama kwenyewe si tatizo. Mti ulioinama tangu utoto umeshajenga mbao na mizizi ya kuubeba. Kinachotisha ni kuinama kupya. Upige mti picha Januari ukisimama mahali pamoja, upige tena baada ya masika, ulinganishe. Tazama pia udongo upande wa pili wa mwinamo: ukipasuka au kuvimba, mizizi inachomoka. Siku ya upepo chungulia dirishani, usiende chini ya mti. Ukiona ardhi inapanda na kushuka shinani, hamisha watoto kutoka chumba cha upande huo usiku huohuo, mengine kesho.

Tundu nalo lisikutie hofu kabla ya kupima. Miti mingi mikongwe ina uwazi ndani na inasimama vizuri, mibuyu ndiyo kabisa. Gonga shina kwa kipande cha mbao ukizunguka, usikilize panapolia mtupu, kisha ingiza spoku ya baiskeli kwenye tundu ujue uwazi umefika wapi. Kanuni ya kukadiria: ubao mzima uliobaki uwe angalau theluthi ya umbali kutoka katikati ya shina hadi nje. Kwa mwembe wetu wa sentimita 80 hiyo ni kama sentimita 13. Chini ya hapo, au tundu likiwa wazi upande mmoja kwa upana mkubwa, tafuta mtu wa misitu aje aone. Usizibe kwa zege. Hushika maji na kuharakisha uozo. Na dawa ya mchwa huua mchwa tu, hairudishi mbao walizokula.

Kupogolea ndiko kunakoharibiwa zaidi. Kijana wa chenso atakwambia, "Mama, tuutoe tu kichwa, utachipua." Ni kweli utachipua, na hapo ndipo balaa lilipo. Machipukizi yanayotoka kwenye kisiki cha tanzu hushikilia gome la juu tu, na baada ya miaka michache yanakuwa marefu, mazito, juu ya mbao iliyooza. Mwambie apunguze ncha za matawi marefu, hasa yale yaliyolalia paa, akikata hadi kwenye tawi dogo la pembeni lenye unene usiopungua theluthi ya lile linalokatwa. Asisafishe matawi ya ndani akaacha mashada kwenye ncha, maana uzito wote unahamia mwisho na tawi linakatika. Mti mkongwe usipoteze zaidi ya robo ya majani kwa mwaka. Mimi huishia pungufu ya hapo na kurudi mwaka unaofuata.

Tawi nene hukatwa mara tatu. Kwanza chini yake, umbali wa mkono kutoka shinani, hadi theluthi ya unene. Pili juu, mbele kidogo ya pale, lidondoke bila kuchana gome la shina. Tatu ondoa kipande kilichobaki, nje tu ya ule uvimbe ulio kati ya tawi na shina. Ukiukata uvimbe, kidonda hakifungi. Ukiacha kigingi kirefu, kinaoza. Usipake rangi wala oili chafu, haisaidii kitu. Kazi hii ifanyike Januari au Februari, maembe yakishaisha na masika hayajaanza. Mkataji avae mikono mirefu, utomvu wa mwembe huwasha na kuacha mabaka.

Panda, yaani pale shina linapogawanyika mara mbili, ikiwa na umbo la V na gome limebanwa katikati, ni ya kuogopa kuliko tundu. Fupisha upande mmoja kidogo kidogo. Waya wa kufungia panda usiuzungushe kwenye shina, utakata gome mti ukinenepa.

Halafu kuna fagio. Tunafagia uwanja kila asubuhi hadi udongo unakuwa mgumu, kisha tunachomea takataka palepale shinani, tunashangaa mti unakauka ncha. Acha majani yaliyodondoka chini ya kivuli, unene wa sentimita 5 hadi 10, yasiguse shina. Ng'oa peving iliyo karibu, angalau mita moja na nusu kuzunguka, zaidi ukiweza. Wageni watasema uwanja mchafu, waache waseme.

Mnazi una sheria zake. Kidonda cha shina lake hakifungi kamwe, kwa hiyo usiruhusu mkwezi achonge vidato. Toa makuti makavu na nazi kavu tu, mabichi yabaki. Mnazi uliopoteza kilele umekufa, usisubiri uanguke wenyewe.

Miti mingine kwa ufupi: mwarobaini na mkrismasi hukatika matawi kirahisi, ipunguzwe mapema. Mvinje wa ufukweni ambao mchanga umeondoka mizizini, usiuegeshee gari.

Ukifika uamuzi wa kuangusha, tafuta ushauri kwa mtu asiyenunua magogo wala mkaa, kwa sababu anayenunua atakuta kila mti unafaa kukatwa. Pita serikali ya mtaa uulizie kibali, na ulio nje ya ukuta kwenye eneo la barabara si wako wa kuamua. Fundi asiye na kamba, anayepanda na ndala, mrudishe, hata kama bei yake ni nusu. Waya wa umeme ukipita kwenye matawi, TANESCO wakate umeme kwanza. Baada ya dhoruba usiguse tawi lililolalia waya, wala ukuta au bati linalogusa waya huo.

Kisiki kikishatoka, mbadala wake uupande mita 8 au zaidi kutoka ukutani, mche mchanga wa kimo cha goti, usio na mizizi iliyojizungusha ndani ya kiroba. Uufunge kwenye mti wa kushikilia kwa mwaka mmoja tu, kisha uuachie uyumbe.