Namna ya Kuviendea Vipimo vya Mtoto Aliye Tumboni

Mjamzito anayeambiwa kwamba "kuna kitu hakijakaa sawa kwenye picha" mara nyingi hutoka na neno hilo peke yake, naye hulala nalo usiku kucha. Kwa hiyo, kabla hujapanda kitanda cha kupimia, muulize anayekupima kama kipimo hicho kinakadiria uwezekano au kinathibitisha ugonjwa.

Ultrasaundi ya wiki ya 11 hadi ya 14, inayopima maji yaliyo nyuma ya shingo ya mtoto, na kile kipimo cha damu ya mama kinachosoma vinasaba vya mimba kuanzia wiki ya 10, vyote hukadiria tu. Ukiambiwa kuwa uwezekano wa ugonjwa wa Down, yaani mtoto kuzaliwa na kromosomu moja ya ziada inayochelewesha ukuaji na akili, ni 1 kwa 100, maana yake ni kwamba katika wajawazito 100 wenye jibu kama lako, 99 hawatazaa mtoto mwenye ugonjwa huo. Kinachothibitisha ni sindano, ama ya kuchukua chembe za kondo la nyuma ama, kuanzia wiki ya 15, ya kuchota maji yanayomzunguka mtoto. Kwa kuwa sindano hizi huweza kuharibu mimba, ingawa ni kwa nadra, jiulize kwanza jibu litakusaidia kuamua nini; kuikataa ni haki yako.

Penye selimundu, ule ugonjwa wa damu wa kurithi, katika ukoo, anzeni kwa kupima damu yenu wawili. Mkiwa nyote mna kinasaba chake, kila mimba ina uwezekano wa 1 kwa 4 wa kuwa na ugonjwa, hata kama mtoto wa kwanza ni mzima.

Nenda na mtu uliyemchagua mwenyewe, ambaye si lazima awe mama mkwe. Mpimaji akinyamaza usishtuke, kwani mara nyingi anahesabu vipimo. Taja kundi lako la damu, kwa sababu mwenye damu hasi (kundi lenye alama ya kutoa, kama O-) huenda akahitaji sindano ya kinga baada ya kuchotwa maji. Ukiona damu, maji au homa, rudi hospitali siku hiyo hiyo.

Jibu likija, omba liandikwe kwenye kadi, kisha uliza mahali pa kujifungulia, maana mtoto mwenye mgongo wazi huhitaji upasuaji katika siku chache za mwanzo, na si kila hospitali ina daktari wa kuufanya.