Kuchagua vifaa vya kompyuta ya kwanza ya mezani ukiwa Tabora

Vifaa vingi utaagiza Kariakoo vije kwa basi. Kisichofaa kikishafika Tabora, kukirudisha Dar ni gharama nyingine, kwa hiyo maliza maswali yote kabla ya kutuma pesa.

1. Prosesa, yaani ubongo wa kompyuta. Chukua yenye grafiksi ndani, yaani sehemu inayotengeneza picha za skrini. Ryzen 5 5600G ya AMD ina koa 6 (sehemu zinazofanya kazi kwa pamoja) na hula wati 65. Inatosha kazi za ofisi, kuhariri picha na gemu nyepesi. Kwa Intel, jina likiishia na F, mfano i3-12100F, haina grafiksi: bila kadi ya picha hupati kitu kwenye skrini. Bei yake ya chini ndiyo inayonasa wengi.

2. Madabodi, bodi kuu inayoshika vifaa vingine. Hapa usiwe na haraka. Soketi (tundu la prosesa) kulingana hakutoshi. Bodi za B450, A520 na B550 zote zina soketi ya AM4, sawa na 5600G, lakini 5600G ilitoka 2021, na bodi iliyokaa dukani tangu kabla ya hapo inaweza kuwa na BIOS (programu ya bodi inayoiwasha kompyuta) isiyoitambua. Dalili yake: feni zinazunguka, taa zinawaka, skrini nyeusi. Watu hulaumu ram (kumbukumbu ya muda), wananunua nyingine, na hali inabaki ileile.

Fungua tovuti ya mtengenezaji wa bodi, tafuta orodha ya prosesa inazozikubali, usome 5600G inaanzia toleo gani la BIOS. Kisha muuzaji akutumie picha ya stika yenye toleo la BIOS la bodi aliyoishika mkononi, siyo picha ya mtandaoni. Likiwa la zamani, alisasishe yeye kabla ya kufunga mzigo. Akishindwa, tafuta bodi yenye kitufe cha kusasisha BIOS bila prosesa: unahitaji pawa saplai, flashi iliyofomatiwa FAT32, na faili lenye jina lilelile linalotakiwa na kijitabu cha bodi. Usisasishe bila UPS, kifaa cha betri kinachoshikilia umeme ukikatika. Umeme ukikatika katikati, bodi inaweza isiwake tena.

Ukienda Intel kizazi cha 12, bodi zipo za ram aina ya DDR4 na za DDR5. Ram ya moja haiingii kwenye nyingine.

Ningechukua B550 yenye nafasi nne za ram kuliko A520 yenye mbili, hata kama kesi (boksi la kompyuta) itabidi iwe ya bei rahisi.

3. Ram. DDR4 3200, mbili za GB 8, siyo moja ya 16. Grafiksi ya ndani hutumia ram hiyohiyo, na zikiwa mbili picha huenda kasi zaidi.

4. Diski. SSD ya NVMe (ndogo, inachomekwa moja kwa moja kwenye bodi), GB 500.

5. Pawa saplai. Wati 450 hadi 550, yenye alama ya 80 Plus, inayoonyesha haipotezi umeme mwingi. Ile inayokuja bure ndani ya kesi iache. Ikiwa na swichi ya 115/230 nyuma, iweke 230 kabla ya kuchomeka. Ikiwa kwenye 115 italipuka.

6. Kesi. Iwe na chujio la mbele linalochomoka. Kiangazi cha Tabora kina vumbi, lisafishe kila mwezi.