Kuzuia salmonela sugu isitoke bandani ikaingia jikoni

Kuku mwenye salmonela, bakteria wa tumboni wanaoharisha watu, mara nyingi haonyeshi ugonjwa: anakula na kutaga kama kawaida, huku kinyesi chake kimejaa vimelea. Ukimpa antibayotiki kila anapokoroma, vimelea dhaifu hufa na vile sugu hubaki na tumbo zima la kuzaliana. Tena enrofloksasini, antibayotiki inayouzwa sana kwa wafugaji, sehemu yake hugeuka mwilini mwa kuku kuwa siprofloksasini, dawa ileile anayoandikiwa mtu.

Hatua ya 1: Pima kabla ya kutoa dawa

Vaa soksi safi za pamba juu ya buti. Zilowanishe kwa maji yaliyochemshwa yakapoa. Ya bomba yana klorini, huenda yakaua vimelea kabla havijafika maabara. Tembea banda zima, hatua zisizopungua 100, ukipita penye vinyweshea na viota. Zitie kwenye mfuko mpya, uweke kwenye kasha lenye barafu (zisigande), uzifikishe maabara ya mifugo siku hiyohiyo au kesho yake. Omba vimelea vioteshwe na vijaribiwe kwa dawa mbalimbali. Ukishaanza dawa, majibu yanaweza kuonyesha hamna kitu na vimelea vipo.

Taifodi ya kuku, iletwayo na Salmonella Gallinarum, ni nadra kumpata binadamu. Lakini dawa unayoimiminia hukomaza salmonela nyingine zilizo tumboni mwa kuku hao, ambazo watu huzipata. Kwa ugonjwa huo muulize daktari wa mifugo habari za chanjo.

Hatua ya 2: Dawa ikiandikwa, hesabu kwa uzito

Kofia ya chupa si kipimo. Kuku 200 wa kilo 1.5 ni kilo 300. Daktari akiandika miligramu 10 kwa kilo, unahitaji miligramu 3,000 kwa siku. Dawa ya asilimia 10 ina miligramu 100 katika kila mililita, kwa hiyo ni mililita 30, basi. Ichanganye na maji watakayoyamaliza kwa saa chache. Wagonjwa hunywa kidogo kuliko wazima, hivyo watenge. Wakibaki kundini, anayehitaji dawa zaidi ndiye anayeipata kidogo. Maliza siku zote ulizoandikiwa. Wanaotaga usiwape enrofloksasini, na nyama au mayai yasiuzwe kabla siku za kusubiri zilizoandikwa kwenye lebo hazijaisha.

Hatua ya 3: Safisha banda kwa mpangilio

Ondoa maranda yote, sugua kwa maji ya sabuni, acha pakauke, ndipo upulize klorini. Jik ya asilimia 3.5, kikombe 1 kwa vikombe 6 vya maji, hutoa asilimia 0.5, iache angalau dakika 10. Ukiipuliza juu ya kinyesi umetupa pesa, maana uchafu huimaliza nguvu. Ndivyo inavyoharibika pia beseni ya kukanyagia mlangoni isiyobadilishwa kila siku. Viatu vya bandani tu ni kinga bora zaidi. Na panya wasipodhibitiwa, wataleta salmonela upya.

Hatua ya 4: Kuchinja na kupika

Wanyime chakula kwa muda wa saa 8 hadi 12 kabla ya kuchinja, maji waachiwe. Utumbo uliojaa hupasuka kirahisi. Suuzia nje, si kwenye sinki la vyombo. Ubao wa kuku usikatiwe kachumbari. Pika mpaka ndani ifike nyuzi 74 za Selsiasi.

Hatua ya 5: Mtu akiharisha

Mtu mzima mwenye afya kwa kawaida hupona kwa maji ya chumvichumvi ya ORS bila antibayotiki. Mtoto mchanga, mzee, mwenye VVU au selimundu, au yeyote mwenye damu kwenye choo au homa kali, apelekwe hospitali mara moja. Mwambieni daktari kwamba mnafuga kuku, na muombe choo au damu ioteshwe. Kipimo cha Widal, kile cha damu cha kutafuta taifodi, hakiwezi kuonyesha dawa ipi itafanya kazi.